Likasi: mushahara ulikatika, shirika ikabakia

Ziwa Tshangalele lilizaliwa na kazi ya watu. Muto Lufira ulifungwa kule Mwadingusha, na katika mwaka wa 1930 mitambo ya umeme ikaanza kulisha viwanda vya Union Minière. Tangu wakati huo samaki za Tshangalele zinauzwa Likasi, na maji machafu ya viwanda vya Likasi yanarudi ziwani: watafiti wamekuta shaba na cobalt ndani ya samaki hizo. Muvuvi na mufanyakazi wa kiwanda wanakunywa taabu moja.

Wakati taabu inazidi, wengi huku wanakimbilia kwa Mungu. Lakini mara nyingi mlango wanaopiga hodi ni wa nyumba ya jirani.

Desturi hiyo ina wazazi wake. Katika miaka ya 1950, kule Kolwezi, padri Placide Tempels, Mufransisko wa Ubelgiji, alikuwa akikusanyika na wafanyakazi wa migodi pamoja na wake zao. Kikundi kikaitwa Jamaa, na mafundisho yake yalisimama juu ya maneno tatu ya Kiswahili: uzima, uzazi, mapendo. Watu hao walitoka vijiji na makabila mbalimbali, wakaishi katika kambi za kampuni mbali na ukoo wao. Ndani ya Jamaa, mutu alipata baba na mama. Ilienea hata Jadotville, ndiyo Likasi ya leo. Tempels alirudi Ubelgiji katika 1962. Jamaa haikufa, hata wakati maaskofu waliiangalia kwa jicho kali.

Maaskofu wenyewe, katika 1961, walichagua njia ya jumuiya ndogo-ndogo za waamini. Mashariki mwa inchi watu wengi wanaziita shirika: wanasoma Neno, wanasali, wanachanga makuta kidogo kwa mugonjwa au kwa matanga.

Upendo huo ulipimwa vikali. Katika 1992, siasa iliwageukia wakaaji wenye asili ya Kasai. Maelfu ya familia za Likasi zilifukuzwa nyumbani, zikalala kwenye gare na katika nyumba za masomo, zikingojea treni ya kurudi Kasai. Wengine walikufa mbele ya kufika. Wenye kufukuza na wenye kufukuzwa, wengi walikuwa wamebatizwa katika makanisa yale yale. Mwenye kuhubiri ushirika huku Katanga bila kutaja mwaka huo anaruka ukurasa.

Kisha Gécamines ikaanguka. Mishahara ikakawia miezi na miezi, na katika 2003 na 2004 wafanyakazi zaidi ya 10 000 waliondoka, eti "kwa mapenzi yao", kwa feza ya Banki ya Dunia. Shirika haikuweza kurudisha mushahara. Iliweza kuleta bukari, kusukuma mugonjwa kwa kinga, kukesha na mujane usiku mzima. Ni kidogo. Lakini mutu mwenye kupoteza kazi, nyumba ya kampuni na hospitali ya kampuni kwa mara moja hakusahau nani alikuja kukaa karibu naye.

Leo treni inaleta tena watu wa Kasai, vijana na mizigo yao, wakitafuta kazi huku kwenye madini. Jioni ya sala, katika kartie wanapopanga chumba, nani anawasogezea kiti?