Mahali Mbegu za Usukuma Zinapolala

Mbegu ni mmea mchanga uliofungwa pamoja na chakula chake ndani ya ganda. Punje ya kunde iliyolowekwa usiku kucha ikipasuliwa, vyote vitatu huonekana kwa macho matupu: ganda jembamba linalobanduka, pande mbili nene za chakula, na kati yake kijimmea chenye mzizi na chipukizi. Kijimmea hicho ki hai. Kinapumua, ingawa polepole mno, kinazeeka, na kinaweza kufa ganda likiwa bado zima bila tundu wala doa. Mkulima wa Shishiyu, kata iliyopo Wilaya ya Maswa mkoani Simiyu, akipanda mtama uliokaa ghalani miaka kadhaa akaona mashimo hayatoi kitu, amekutana na kifo cha namna hiyo. Punje zilikuwa nzuri kwa kutazama, lakini kiini kilikuwa kimekwisha zamani.

Mbegu inapokomaa ikiwa bado kwenye mmea mama, hupoteza sehemu kubwa ya maji yake. Karibu kila mnyama akikaushwa kiasi hicho hufa. Mbegu haifi kwa sababu imejiandaa: seli zake hujaa sukari na protini maalumu, na maji yanapoondoka mchanganyiko huo hukakamaa kama sukari ya kashata inapopoa. Kila kilichomo ndani ya seli hubaki mahali pake, na shughuli za uhai hupungua hadi karibu kutopimika. Maji yakirudi, ugumu ule huyeyuka, punje huvimba, kupumua huanza upya kwa kasi, na mzizi hutangulia kutoka kabla ya jani.

Lakini maji peke yake hayatoshi kwa kila mbegu. Mahindi na mtama vimechaguliwa na wakulima kwa karne nyingi, hivyo huota pamoja vikipata unyevu. Mimea ya porini haiwezi kujihatarisha namna hiyo. Mvua za Simiyu huanza mwishoni mwa mwaka, na si jambo geni kukatika katikati ya msimu kwa wiki kadhaa. Mti ambao mbegu zake zote zingeamka kwa mvua ya kwanza ungepoteza kizazi kizima jua likiwaka siku kumi mfululizo. Ndiyo maana mbegu nyingi za porini huwa na usingizi: hukataa kuota hata pale kila kitu kinapoonekana kuwa tayari, na huamka kwa mafungu, nyingine mwaka huu, nyingine miaka ijayo.

Kwa migunga na jamaa zake wa jamii ya kunde, usingizi huo umo kwenye ganda. Seli ndefu nyembamba zimepangwa wima, zimebanana kama fito za ukuta, na juu yake pana utando wa nta. Maji hayapiti. Ganda hilo hufunguka kwa kukwaruzwa, kwa joto, au kwa kupita tumboni mwa mnyama. Mbuzi na swala hula maganda matamu ya mgunga ambao kwa muda mrefu wataalamu wameuita Acacia tortilis, kisha huziacha mbegu kwenye kinyesi mbali na mti mama. Hugh Lamprey, G. Halevy na S. Makacha walilichunguza jambo hili nchini Tanzania na kulichapisha mwaka 1974. Waliona kwamba mnyama haishii kuisafirisha mbegu. Kuna mbawakawa wadogo wanaotaga mayai kwenye maganda ya mgunga, na viluwiluwi vyao hutoboa mbegu na kuila kutoka ndani. Mbegu inayomezwa mapema, kabla kiluwiluwi hakijaimaliza, huokoka, kwa kuwa tumbo la mnyama humuua mdudu yule. Iliyobaki chini ya mti mara nyingi huishia kuwa ganda tupu. Mfugaji anayeona miche ya migunga ikichipua kwenye boma lililohamwa anaona matokeo ya kazi hiyo.

Kiduha, gugu linalonyonya mtama na mahindi, lina usingizi wa aina nyingine. Mmea mmoja hutoa mbegu kwa makumi ya maelfu, ndogo kama vumbi, na zinaweza kukaa udongoni zaidi ya miaka kumi. Haziamki kwa mvua tu. Husubiri kemikali inayotoka kwenye mzizi wa mtama au mahindi uliofika karibu, kwa sababu chakula kilichomo ndani ya mbegu yenyewe hakitoshi kwa zaidi ya siku chache. Mkulima aliyeacha kupanda mtama kwa misimu miwili na kudhani kiduha kimetoweka hukikuta kimemsubiri.

Mgunga na kiduha vinaonyesha kwamba udongo wenyewe ni benki ya mbegu. Katika kila ardhi isiyochoka, zimo mbegu hai nyingi kuliko mimea inayoonekana juu: nyasi, mboga za porini kama mgagani na mlenda, vichaka, na miti yenye maganda magumu. Nyingi ndogo hungoja mwanga, na ndiyo sababu shamba lililolimwa leo huwa kijani kwa magugu baada ya wiki.

Usukuma, nchi ya Wasukuma ambamo Simiyu imo, umeijaribu benki hiyo kwa namna iliyo kali kuliko sehemu nyingi za Afrika Mashariki. Kuanzia miaka ya 1920 hadi 1940, misitu mikubwa ilifyekwa kwa msukumo wa serikali ya kikoloni ili kuangamiza mbung'o, na ardhi zaidi ikaingia kwenye pamba. Baadaye mifugo na kuni za wakazi walioongezeka vilimalizia mengi ya yaliyosalia. Mwaka 1986 serikali ilianzisha mradi wa Hifadhi Ardhi Shinyanga, maarufu kama HASHI. Wakati huo Maswa na Bariadi zilikuwa sehemu ya Mkoa wa Shinyanga. Simiyu ilikuja kuwa mkoa mwaka 2012. Jambo la busara kuliko yote katika mradi huo ni kwamba haukutegemea kupanda miti peke yake. Ulirudi kwenye ngitili.

Ngitili ni malisho ya Wasukuma yanayofungwa mvua zinapoanza na kufunguliwa kiangazi kinapokuwa kikali, ili ng'ombe, hasa ndama na wale wanaolima, wapate majani wakati kwingine pamebaki vumbi. Nyingine ni za familia, nyingine za kijiji, na sheria zake zililindwa na mkutano wa jadi uitwao dagashida pamoja na walinzi wa jadi, sungusungu. Shabaha yake ni nyasi, lakini eneo linalopumzishwa wakati wa mvua hupata jambo jingine bila kulitafuta: nyasi hupata muda wa kutoa mbegu na kuziangusha, na mche wa mti hupata msimu mzima bila kukanyagwa wala kuliwa. Mradi ulipofungwa mwaka 2004, zaidi ya hekta 300,000 za ngitili zilikuwa zimerudishwa katika vijiji 833, na uchunguzi uliofuata ulihesabu humo aina 152 za miti, vichaka na mimea inayotambaa.

Aina hizo zilitoka wapi? Sehemu kubwa ilichipua kwenye visiki na mizizi iliyokuwa bado hai chini ya ardhi. Nyingine zilitoka kwenye mbegu zilizokuwa udongoni, na nyingine zililetwa na ndege, mbuzi na upepo. Hapa ndipo nguvu ya ngitili na udhaifu wake vinapokutana. Mbegu nyingi za miti haziwezi kusubiri udongoni kwa muda mrefu. Huliwa, huoza, au huota na kufa. Palipong'olewa visiki na kulimwa pamba miaka arobaini, kisha mti wa karibu wa aina hiyo ukawa umekatwa, hata ngitili iliyofungwa vizuri namna gani haiwezi kuurudisha mti huo. Lazima mbegu yake iwe imewekwa mahali pengine.

Kwa mazao, mahali hapo tangu zamani ni nyumbani. Mahindi ya mbegu huning'inizwa juu ya jiko, mtama huchaguliwa masuke mazuri kabla ya kupurwa, kunde na choroko huchanganywa na majivu kwenye kibuyu na mdomo wake ukazibwa. Njia hizi zina sababu za kisayansi. Moshi hukausha na kufukuza wadudu. Majivu hunyonya unyevu na kuwakwaruza dumuzi na vipekecha miili hadi wakaukiwe. Zinatosha kuivusha mbegu msimu mmoja au miwili, na katika muda huo kazi kubwa ya kuchagua huwa mikononi mwa wanawake. Nguvu ya akiba za namna hii ilionekana kwingine pia. Baada ya mauaji ya kimbari ya Rwanda mwaka 1994, mpango wa kimataifa ulioitwa Seeds of Hope ulizidisha mbegu za maharage na mazao mengine katika nchi jirani ili kuzirudisha. Watafiti walipofuatilia waligundua kwamba aina nyingi za maharage zilikuwa hazijapotea kama ilivyohofiwa: zilinusurika kwenye akiba za kaya na kwenye masoko madogo. Ghala la kijiji linastahili kuheshimiwa kama taasisi ya hifadhi.

Hata hivyo njaa moja inaweza kumaliza akiba ya nyumba, na mboga za porini au miti isiyouzwa haina anayeiwekea mbegu. Kwa ajili hiyo kuna benki za baridi. Ya taifa ipo Arusha, katika kituo cha kuhifadhi nasaba za mimea kilicho chini ya Mamlaka ya Afya ya Mimea na Viuatilifu Tanzania. Mbegu za miti zimeshughulikiwa kwa miaka mingi Morogoro na Wakala wa Mbegu za Miti, ambao kazi zake zimehamia Wakala wa Huduma za Misitu, TFS. Wakala huo wa mbegu pia ulishirikiana na benki kubwa ya Kew nchini Uingereza, iliyofunguliwa mwaka 2000 huko Wakehurst na ambayo leo ina mbegu zaidi ya bilioni 2.

Msingi wa benki ya baridi ni kanuni nyepesi iliyotolewa na mtaalamu wa mbegu J. F. Harrington. Kila unyevu wa mbegu unapopungua kwa asilimia 1, maisha yake huongezeka takriban maradufu. Na kila joto la ghala linaposhuka kwa nyuzi 5 za Selsiasi, huongezeka maradufu tena. Mtama wenye unyevu wa asilimia 10 ukikaushwa hadi 6 utaishi mara 16 zaidi. Ukitolewa kwenye chumba cha nyuzi 25 na kuwekwa kwenye nyuzi 5, utaongeza mara 16 nyingine, na hesabu hizo mbili huzidishana. Kanuni hii ni ya makadirio na ina mipaka, kwani mbegu haiwezi kukaushwa bila mwisho, lakini inaeleza kwa nini friza iliyojaa mbegu mbichi ni kaburi. Maji yaliyomo huganda na kupasua seli. Kukausha hutangulia, baridi hufuata.

Kazi yenyewe huanzia porini. Wakusanyaji hulenga mimea isiyopungua 50 ya aina moja, ili tofauti za kurithi zilizomo katika eneo zima ziingie kwenye mfuko mmoja. Hawachukui zaidi ya sehemu moja kwa tano ya mbegu zilizokomaa siku hiyo, maana ndege, mbuzi na udongo navyo vina haki yake. Huandika mahali, udongo na tarehe, kwa kuwa mkwaju wa luseni, udongo wa mchanga kule juu, na mgunga wa mbuga nyeusi bondeni haviishi maisha mamoja. Mbegu chache hukatwa papo hapo kwa kisu kuona kama zimejaa au zimeliwa na wadudu. Tawi lenye majani na maua hubanwa kwenye karatasi na kukaushwa, ili jina la mmea lithibitishwe baadaye. Benkini mbegu husafishwa, hukaushwa polepole kwenye chumba cha ubaridi chenye hewa kavu sana, hufungwa kwenye mifuko ya foili isiyopitisha hewa, kisha huwekwa kwenye nyuzi 18 hadi 20 chini ya sifuri.

Hazisahauliwi humo. Kila baada ya miaka kadhaa punje chache huoteshwa. Kiwango cha kuota kikishuka mno, sampuli hupandwa upya ili kupata mbegu changa. Nakala huwekwa kwingine, kwa kuwa jengo moja linaweza kuungua au kukosa umeme. Nchi za SADC hupeleka nakala zao kwenye kituo cha pamoja karibu na Lusaka, Zambia, kilichoanzishwa mwaka 1989, na dunia nzima ina ghala ndani ya mlima wa Svalbard, Norwei, lililofunguliwa mwaka 2008. Thamani yake ilionekana mwaka 2015, kituo cha kimataifa cha utafiti wa kilimo cha maeneo makavu, ICARDA, kilipoomba mbegu zake zirudishwe kutoka Svalbard baada ya vita vya Syria kukifungia nje ya benki yake iliyokuwa karibu na Aleppo. Zilipandwa Lebanoni na Moroko, na kuanzia mwaka 2017 nakala mpya zikaanza kurudishwa mlimani.

Si kila mbegu inakubali kulala hivyo. Embe, parachichi, fenesi na mbegu nyingi za misitu ya mvua kama ile ya Usambara hufa zikikaushwa. Hizo kwa kawaida huhifadhiwa kwa kupandwa. Mbegu za mikoko mingi huchipua zikiwa bado juu ya mti. Simiyu ina bahati katika hili, maana mimea ya nyika kavu kwa sehemu kubwa ina mbegu zinazovumilia kukauka: migunga, mibuyu, mikwaju, mitama ya porini, mgagani.

Mbegu hizo zinapotolewa kwenye baridi, usingizi wake wa asili huwa bado upo, na lazima uvunjwe. Mbegu za mgunga na mbuyu humwagiwa maji yaliyochemka na kuachwa yapoe usiku kucha, au ganda hukwaruzwa kwa tupa upande ulio mbali na mzizi. Zinazovimba asubuhi ziko tayari. Zilizobaki ndogo hurudiwa. Kwa kalenda ya Maswa, kitalu huanza mapema kiangazi ili miche iwe na mizizi ya kutosha mvua zitakapokuwa zimeshika Desemba, na huhamishiwa ndani ya ngitili wiki zile zile ambazo ng'ombe wanatolewa.