Kilo 15 Zilizopotea Kati ya Matoleo Mawili

Msimu mmoja wa kahawa niliketi na karani wa chama kimoja cha msingi wilayani Muleba, katika chumba cha nyuma ya ghala, magunia ya kahawa ya maganda yamepangwa hadi mlangoni. Kompyuta yake ilikuwa imekufa, akaletewa nyingine kutoka Bukoba mjini. Programu fupi ya kukokotoa mizigo ya wakulima tuliihamisha kwa fleshi.

Mwanzoni ilikataa kabisa. Kila mstari wenye neno print ulidai mabano. Tukayaweka, ikakubali, tukafurahi mapema. Mkulima wa kwanza alikuwa na kilo 335. Miaka yote programu ile iliandika magunia yaliyojaa kilo 80, kisha mabaki: magunia 4, kilo 15. Sasa ikaandika magunia 4.1875, mabaki sifuri. Kilo 15 za mtu zimeyeyuka, na kompyuta haijalalamika hata kidogo.

Programu iliandikwa kwa lugha ya kompyuta ya Python 2. Kompyuta mpya ilikuwa na Python 3. Lugha hii ya Mholanzi Guido van Rossum ilitolewa mara ya kwanza mwaka 1991, na katika matoleo yake ya zamani namba nzima ikigawanywa kwa namba nzima, desimali hutupwa. Toleo la 3, la Desemba 3, 2008, huzihifadhi. Wenye lugha walijua watavunja programu za watu, wakaona heri kusahihisha makosa ya zamani. Huduma kwa Python 2 ilipangwa kukoma 2015, lakini programu zilizosalia nyuma zilikuwa nyingi mno, ikasogezwa hadi Januari 1, 2020.

Kosa linalosimamisha programu ni la heri, kwa sababu unaliona. Ninaloliogopa ni lile linalotoa jibu. Ilikuwapo zana ya 2to3 ya kugeuza programu za zamani, iliyoondolewa kwenye Python mwaka 2024, nayo mabano ya print iliyaweka yenyewe. Lakini mkwaju wa kugawanya (/) iliuacha ulivyo, kwani haikujua kama ulitaka magunia mazima au desimali. Hata kukadiria hadi namba nzima kumebadilika: 2.5 zamani ilikuwa 3, sasa ni 2.

Dawa ni kuendesha matoleo yote mawili sambamba, kwa takwimu zilezile. Muleba inaujua mtindo huo. Watafiti wa malaria walipotaka kujua kama vyandarua vyenye kemikali ya PBO vinawaweza mbu sugu kwa dawa, waligawa vijiji kadhaa vya wilaya katika maeneo 48 na kuvilinganisha na vyandarua vya kawaida kwa wakati uleule. Matokeo yakachapishwa katika jarida la The Lancet mwaka 2018. Bila cha zamani kando yake, kipya hakina cha kupimiwa.

Basi tukaweka mikwaju miwili badala ya mmoja, kilo 15 zikarudi. Kisha tukapitisha rekodi zote za msimu uliopita katika kompyuta mbili, ya kuazima yenye toleo la zamani na hii mpya, tukasoma mstari kwa mstari. Zote zililingana, ila mkulima mmoja ambaye uzito wake haukuwahi kujazwa. Toleo la zamani huhesabu nafasi tupu kuwa ndogo kuliko namba yoyote, hivyo lilimpita kimyakimya. Jipya liligoma palepale kwenye jina lake. Karani akanyanyuka, akaenda kulitafuta daftari la mizani.