Mtoto hapendi kusoma? Mpe kisa cha aiskrimu ya Lushoto

Mwanafunzi wa sekondari akikimbia kitabu, wazazi wengi husema ni mvivu au simu imemharibu. Mara nyingi tatizo ni kile anachopewa asome: notisi za kukariri kwa ajili ya mtihani, tena kwa Kiingereza, wakati shule ya msingi ya Serikali alifundishwa kwa Kiswahili. Akikata tamaa kidato cha kwanza, masomo yote humwelemea.

Dawa moja ni visa vya kweli vya sayansi, na Tanga inavyo.

Mwaka 1963, Erasto Mpemba alikuwa kidato cha tatu Shule ya Sekondari Magamba, Lushoto. Wanafunzi walikuwa wakitengeneza aiskrimu. Walichemsha maziwa, wakatia sukari, wakayaacha yapoe ndipo wayaweke kwenye friza. Siku moja nafasi ilikuwa finyu. Mwenzake aliweka yake bila kuchemsha. Mpemba, akihofia kukosa nafasi, akaingiza yake yakiwa ya moto. Baada ya saa moja na nusu, ya Mpemba yalikuwa yameganda, ya mwenzake bado.

Mwalimu alimwambia amechanganyikiwa, jambo hilo haliwezekani. Lakini likizoni, rafiki yake aliyeuza aiskrimu mjini Tanga alimwambia naye huweka ya moto ili yagande haraka.

Baadaye, akisoma Mkwawa, Iringa, alifika mgeni, Denis Osborne, mwalimu wa fizikia wa chuo kikuu jijini Dar es Salaam. Mpemba akamuuliza swali lake. Wenzake wakacheka. Osborne hakulipuuza, alirudi chuoni likafanyiwa majaribio. Mwaka 1969 wawili hao walichapisha makala katika jarida la Physics Education. Leo jambo hilo hujulikana duniani kwa jina la Mpemba, na wanasayansi bado wanabishana kuhusu sababu yake. Wengine wanatilia shaka hata kama hutokea kweli.

Kisa kama hiki humvuta kijana kwa sababu kina swali, na anataka kujua nani alikuwa sahihi. Isitoshe, sehemu aliyoandika Mpemba mwenyewe ni ya Kiingereza chepesi, cha mwanafunzi.

Mzazi afanye nini?

Simulia nusu. Ishia pale darasa lilipocheka, kisha mwachie atafute mwisho kwa kusoma.

Mruhusu ajaribu. Vikombe viwili vya bati vinavyofanana, maji kiasi kile kile, kimoja cha moto, kingine cha baridi. Mtu mzima asimamie maji ya moto. Kijana aandike muda. Matokeo yakimshangaza, atarudi kusoma.

Hamna friza? Anzeni na silikanti, samaki aliyedhaniwa kutoweka zamani za dinosaria hadi aliponaswa Afrika Kusini mwaka 1938. Wavuvi wa Tanga nao wamemnasa, na tangu 2009 ana hifadhi yake ya bahari hapa. Kijana azungumze na wavuvi, kisha alinganishe na anachosoma.

Usimtungie mtihani. Muulize tu, "Wewe unaonaje?"

Na akikuuliza usilolijua, usimkatishe wala kumcheka. Mwambie, "Hata mimi sijui mwanangu, tafuta unisomee."