Kipimo cha Mionzi Kinachopaswa Kufika Fort Ternan

Daktari anapoingiza katheta, yaani mrija mwembamba, kupitia mshipa wa damu wa paja au wa kifundo cha mkono na kuuongoza hadi moyoni au kwenye mfuko wa uzazi, huufuata kwenye skrini kwa fluoroskopi, ambayo ni picha ya eksirei inayotembea. Kwa njia hii vali ya moyo iliyobanwa na homa ya baridi yabisi hupanuliwa kwa puto dogo, na uvimbe wa mfuko wa uzazi hukatiwa damu hadi ukasinyaa, bila kifua wala tumbo kupasuliwa. Hata hivyo, wakati picha ya kawaida ya kifua humulika kwa sehemu ndogo ya sekunde, kazi hii inaweza kuchukua saa nzima, mwale ukipita kwenye ngozi ile ile.

Ngozi hiyo kwa kawaida ni ya mgongo, kwa kuwa bomba la eksirei hukaa chini ya meza. Kwa mchuma chai wa Kericho au Bomet, ni pale pale kikapu kinapolalia.

Mionzi inayofyonzwa na mwili hupimwa kwa grei, kipimo kilichopewa jina la mwanafizikia Mwingereza Louis Harold Gray. Kuanzia grei 2 hivi ngozi inaweza kuiva na kuwa nyekundu kwa muda mfupi, ikifika 6 wekundu mzito huja baada ya siku kumi hivi, na dozi kubwa zaidi huweza kuleta kidonda kinachokaa miezi bila kupona. Majeraha ya namna hii ndiyo yaliyoifanya mamlaka ya dawa na chakula ya Marekani kutoa onyo mwaka 1994. Ni wagonjwa wachache wanaofikia viwango hivyo, lakini uchache hauwapunguzii maumivu wale wanaovifikia.

Hakuna kikomo cha dozi kilichowekewa mgonjwa, kwa sababu kikomo kingeweza kumkatiza daktari katikati ya kazi ya kuokoa maisha. Linalodaiwa ni kwamba tiba iwe na sababu ya haki na kwamba mionzi isizidi inayohitajika. Nchini Kenya usimamizi huo uko chini ya Mamlaka ya Udhibiti wa Nyuklia, iliyoundwa kwa sheria ya mwaka 2019. Ustadi wenyewe uko mezani: mguu wa daktari huachia kikanyagio pindi jicho lisipohitaji picha, picha za kila sekunde hupunguzwa kutoka 30 hadi 15 au 7.5, mwale hubanwa ukatosha sehemu inayotibiwa tu, meza huinuliwa ili mgongo uwe mbali na bomba huku kipokea picha kikishushwa karibu na kifua, na katika kazi ndefu pembe ya bomba hubadilishwa ili mzigo usiangukie ngozi moja. Kwa mgonjwa mnene tahadhari huongezeka, kwa kuwa mashine hujiongezea nguvu yenyewe ili kupenya.

Mashine huhesabu grei hizo, na tatizo kubwa ni pale hesabu inapobaki ndani yake. Mawe ya Fort Ternan, huko huko Kericho, ambako mwanaakiolojia Louis Leakey alipata visukuku vya Kenyapithecus, sokwe wa kale, mwaka 1961, yalitunza yenyewe ushahidi wa umri wao wa takriban miaka milioni 14 katika gesi ya agoni inayotokana na potasiamu yenye mionzi. Ngozi haina kumbukumbu ya aina hiyo. Mtu aliyetibiwa katika hospitali ya rufaa jijini Nairobi atakuwa amekwisharudi shambani wekundu unapojitokeza, mahali asipoweza kupaona, na muuguzi wa kituo cha jirani atakuwa na kila sababu ya kudhani kwamba kikapu kimemchubua. Daktari mwingine aweza hata kukata kipande cha ngozi kwa uchunguzi, na kuanzisha kidonda kisichofunga. Kwa hiyo barua ya kumruhusu mgonjwa kwenda nyumbani inapaswa kutaja tarehe, sehemu ya mwili iliyomulikwa na kiasi cha grei. Na kikiwa 5 au zaidi, impe pia nambari ya simu ya kuuliza na imwombe mtu wa nyumbani amtazame mgongoni katika wiki ya pili, ya tatu na ya nne.