NDEGE ZA MBAO ZILIZOFIKA ZIWA TANGANYIKA

Zamani wapagazi walitembea kwa miguu kutoka Bagamoyo hadi Tabora, na kutoka Tabora hadi Ujiji. Safari ilichukua miezi. Mwaka 1914 reli ilifika Kigoma, karibu na Ujiji. Mwaka 1916 watu wa huko waliona chombo kipya angani. Kilikuwa ndege.

Ndege hizo zilitengenezwa Uingereza na kampuni ya Short Brothers. Wenye kampuni walikuwa ndugu watatu: Horace, Eustace na Oswald Short. Kwanza walitengeneza baluni kubwa za kubeba watu. Mwaka 1908 walianzisha kampuni ya ndege. Walijenga kiwanda katika kisiwa cha Sheppey, halafu kingine mjini Rochester, kando ya mto.

Ndege za siku hizo zilikuwa kazi ya seremala na mshonaji. Mabawa yalikuwa ya mbao, yakavikwa kitambaa. Kitambaa kilipakwa dawa ili kikaze kama ngozi ya ngoma. Ndege za majini hazikuwa na magurudumu. Zilielea juu ya vyombo vilivyofanana na mitumbwi.

Wakati wa Vita Kuu ya Kwanza, Wajerumani walitawala Tabora na Kigoma. Ziwani walikuwa na meli kubwa ya chuma, Graf von Götzen. Wabelgiji walikuwa ng'ambo, Kongo. Waingereza waliwapa ndege nne za Short. Juni 1916 ndege hizo zilitupa mabomu Kigoma, lakini meli haikuzama.

Julai 1916 majeshi ya Wabelgiji yalikaribia. Wajerumani wakaizamisha meli wenyewe, baada ya kupaka mitambo yake grisi isishike kutu. Septemba Wabelgiji wakaiteka Tabora.

Je, ndege iliwapunguzia wapagazi kazi? Hapana. Katika vita hivyo maelfu ya Waafrika walilazimishwa kubeba mizigo ya majeshi. Wengi walikufa njiani kwa njaa na maradhi. Vita haikuwa yao.

Mwaka 1936 kampuni ya Short ilianza kiwanda Belfast, Ireland ya Kaskazini. Mwaka 1989 iliuzwa kwa kampuni ya Bombardier ya Kanada.

Nayo meli iliinuliwa mwaka 1924. Mwaka 1927 ilianza kazi tena kwa jina la Liemba. Chombo kilichokuwa cha vita kikabeba abiria, samaki na mahindi kwa miaka mingi. Chombo ni kile kile. Kilichobadilika ni kazi waliyokipa watu.