Kwa Nini Bondia Mtatanishi Humsumbua Bingwa Aliyekamilika Kiufundi

Katika mchezo wa ndondi, bingwa aliyefunzwa vizuri misingi ya kazi yake, yaani kusimama kwa mizani, kurusha ngumi zilizonyooka, kurejesha mkono usoni mara tu baada ya kupiga na kusogea bila kupishanisha miguu, huwashinda mabondia wengi walio na nguvu au kasi kumzidi, lakini mara kwa mara hubabaika mbele ya mpinzani ambaye, kwa macho ya mtazamaji, hajui hata kusimama. Mashabiki hulieleza jambo hilo kwa kusema kwamba bingwa amezeeka, au hakujiandaa, au alimdharau mwenzake. Na ingawa sababu hizo huwapo wakati mwingine, chanzo kikubwa zaidi kimo ndani ya ufundi wenyewe, kwa kuwa sehemu kubwa ya ufundi ni uwezo wa kubashiri, na uwezo huo hujengwa kwa kuwazoea wapinzani wa kawaida.

Jicho likiona kitu cha ghafla, mwili huhitaji takriban moja ya tano ya sekunde kabla ya kuanza kujibu, na ngumi ya haraka inayorushwa kwa karibu huweza kufika muda huo ukiwa haujaisha. Bondia anayengoja aione ngumi ndipo akwepe huwa ameshachelewa. Anachofanya bondia mzoefu ni kusoma dalili zinazoitangulia ngumi, kama vile bega linalogeuka kidogo, uzito unaohamia mguu wa mbele au kiwiko kinachochomoza, na kuanza kukwepa ngumi ambayo bado haijarushwa. Dalili hizo amejifunza kwa miaka mingi ya mazoezi, akipigana na wenzake ambao wengi wao walifunzwa kama yeye, hata zikafika mahali pa kutohitaji kufikiriwa tena.

Bondia mtatanishi huvuruga ubashiri huo kwa njia tatu, ambazo aghalabu huziunganisha. Ya kwanza ni mdundo, yaani mpangilio wa muda kati ya tendo moja na jingine: badala ya kupiga mara tu baada ya kuingia, husita, huzuga kwa bega au kichwa, kisha hupiga pale ambapo mwenzake amekwisha kulegeza ulinzi. Ya pili ni pembe, yaani njia ambayo ngumi huipitia, kwani ngumi inayoanzia kiunoni, au inayozungushwa juu ya bega kama mtu anayetupa jiwe, hufika ikiwa nje ya mahali ambapo mikono ya bingwa imezoea kuzuia. Ya tatu ni umbali: bondia wa aina hii huegemea nyuma kupita kawaida, au huinama sana, au hubadilisha mguu wa mbele katikati ya shambulio, hivyo kwamba kipimo alichokichukua bingwa sekunde moja iliyopita hakimfai tena.

Pambano la Düsseldorf, Ujerumani, la tarehe 28 Novemba 2015 linayaonyesha hayo yote kwa pamoja. Wladimir Klitschko wa Ukraine, aliyetwaa dhahabu ya Olimpiki mjini Atlanta mwaka 1996 na kushikilia ubingwa wa uzito wa juu kwa zaidi ya miaka tisa, alikuwa na mfumo uliopangika: jebu, yaani ngumi iliyonyooka ya mkono wa mbele, ilimpimia umbali na kumziba mpinzani macho, mkono wa kulia ukafuata njia ileile, na mpinzani aliyepenya akakumbatiwa. Tyson Fury wa Uingereza, mwenye urefu wa mita 2.06 na mikono mirefu kuliko ya bingwa, hakumpa nafasi ya kuuanza mfumo huo, kwani alicheza mikono ikiwa chini, akatikisa kichwa bila kukoma, akahama kutoka mguu wa kushoto mbele kwenda wa kulia, na wakati mwingine akaweka mikono mgongoni. Katika raundi 12 Klitschko alihesabiwa ngumi 52 tu zilizofika, wastani wa takriban nne kwa raundi, na Fury naye alifikisha 86, idadi ndogo kwa pambano la ubingwa. Hata hivyo Fury alishinda kwa pointi 115-112 mara mbili na 116-111, ingawa alikatwa pointi moja katika raundi ya 11. Hakumshinda bingwa kwa wingi wa makonde, bali kwa kumnyima mazingira ambamo mkono wake wa kulia ungepata ruhusa ya kutoka.

Anayedai kwamba Klitschko alikuwa amechoka kwa umri hana budi kulitazama pambano lake lililofuata, la Aprili 2017 jijini London, ambapo, akiwa na miaka 41, alimwangusha Anthony Joshua katika raundi ya sita kabla ya kusimamishwa katika ya 11. Joshua alikuwa kijana zaidi na mwenye ngumi nzito, lakini alisimama na kupiga kwa namna ambayo Klitschko aliijua, na mikono iliyokuwa imeganda Düsseldorf ikafunguka.

Zaidi ya hayo, uzoefu wa pande mbili haulingani. Bondia mtatanishi hukutana na mabondia wa kawaida kila siku mazoezini, ilhali bingwa hukutana na mtu wa mtindo ule mara chache katika maisha yake ya ulingoni. Kwa hiyo kengele inapogongwa, mmoja yuko katika hali aliyoizoea na mwingine anaanza darasa jipya. Ndiyo sababu inayofanya mashoto, ambao ni takriban mtu mmoja kati ya kumi, wawe kero kwa wengi, hata wale ambao ufundi wao ni wa kawaida kabisa.

Kutokana na hilo, ubora katika ndondi haupangwi kwa ngazi moja, kwani anayemsumbua bondia mmoja huweza kupigwa kirahisi na mwingine. Ken Norton, aliyekunja mikono kama msalaba mbele ya mwili na kuingia kwa mwendo wa kuburuta mguu, alimvunja taya Muhammad Ali huko San Diego mwezi Machi 1973, na katika mapambano yao matatu yenye jumla ya raundi 39 hakuna lililokuwa jepesi kwa Ali. Norton huyohuyo alizimwa na George Foreman katika raundi ya pili mjini Caracas mwezi Machi 1974, na Foreman akaangushwa na Ali katika raundi ya nane mjini Kinshasa tarehe 30 Oktoba mwaka huohuo.

Hata hivyo utatanishi una kikomo, kwa sababu unategemea ugeni, na ugeni hupungua kila raundi inapopita. Marcos Maidana wa Argentina alimrushia Floyd Mayweather ngumi za pembe zisizotarajiwa mwezi Mei 2014, hata jaji mmoja akatoa sare ya 114-114. Waliporudiana Septemba majaji wote watatu walimpa Mayweather ushindi. Naye Naseem Hamed, mashoto aliyekuwa ameshinda mapambano yake yote 35, alishindwa kwa pointi mwezi Aprili 2001 na Marco Antonio Barrera, ambaye aliacha pupa yake ya kawaida, akazunguka mbali na mkono wa kushoto wa Hamed na kumwadhibu kila aliporuka bila mizani.

Barrera anaonyesha pia dawa inayofaa. Kocha mwenye busara humtafutia bingwa wenza wa mazoezi wanaofanana na mpinzani, humwelekeza jebu ipige kifua ambacho hakiwezi kuchezacheza kama kichwa, na humzoesha kukubali kupoteza raundi za mwanzo ili ajifunze bila hofu. Misingi aliyofunzwa bingwa haikuwa na kasoro. Iliyomwangusha ni haraka ya kuitumia kabla hajamsoma mtu aliye mbele yake.