Nguo ya Kuogelea: Msamiati wa Sitara Majini katika Kiswahili cha Pwani

1.0 Utangulizi

Katika Mikocheni na vitongoji vinavyopakana nayo upande wa bahari, maji ya kuogelea ni ya namna mbili. Ipo bahari, ambayo ni ya watu wote, na yapo mabwawa ya hoteli, klabu na shule, ambayo yana kiingilio na masharti. Siku za Idd, Pasaka na Krismasi familia nzima huteremka hadi Coco Beach. Wavulana huingia majini na bukta au chupi, wanaume na kaptula, ilhali wanawake walio wengi huingia na nguo zilezile walizotoka nazo nyumbani: dera, au fulana na kanga juu yake. Hapana anayemshangaa mwenzake. Lakini mwanamke huyohuyo akienda kwenye bwawa hukuta tangazo kwamba haruhusiwi kuingia majini ila kwa 'nguo za kuogelea', naye huzuiwa, ingawa amejisitiri kuliko wote waliomo.

Mgongano huu aghalabu huelezwa kwa kusema kwamba watu wa pwani wana haya na wageni hawana. Makala haya yanaukataa ufafanuzi huo. Tunadai kuwa kinachogongana ni majukumu mawili tofauti ambayo nguo hupewa majini, na kwamba Kiswahili, katika vitenzi vyake vya kuoga na vya kuvaa, kimehifadhi ushahidi wa jambo hili kuliko tunavyodhani. Suala lenyewe si la msamiati tu. Tutaonyesha kwamba linahusu pia ni nani anayepata kujifunza kuogelea na ni nani asiyepata.

2.0 Kuoga na kuogelea

Kimofolojia, -ogelea ni mnyambuliko wa -oga. Mzizi -og- huchukua kiambishi cha kauli ya kutendea tukapata -ogea, kisha kiambishi hicho hurudiwa tukapata -ogelea. Mlolongo huu tunaukuta pia katika -shika, -shikia, -shikilia na katika -enda, -endea, -endelea. Urudiaji huo mara nyingi huleta dhana ya kudumu katika tendo: anayeshikilia haachii, na anayeendelea hajasimama. Kwa asili ya umbo lake, basi, kuogelea ni kuoga kusikokwisha upesi. Mzungumzaji wa leo huyahesabu kuwa maneno mawili mbalimbali, lakini uhusiano haujafa. Mtu wa pwani bado husema 'twende tukaoge baharini' akiwa na maana ya kwenda kucheza na kuogelea, wala hakusudii kwenda na sabuni. Huko Makunduchi, kusini mwa Unguja, sherehe ya mwaka mpya huitwa Mwaka Kogwa, na 'kogwa' ni umbo la koga, yaani kuoga: mwaka wenyewe ndio unaoogwa.

Nasaba hii ina taathira yake. Kuoga ni tendo la faragha. Lina mahali pake, iwe bafu, ua wa nyuma au hamamu. Jina la Hamamni katika Mji Mkongwe wa Zanzibar limetokana na hamamu iliyojengwa wakati wa Sayyid Barghash (1870–1888). Kuogelea kumezaliwa ndani ya tendo hilo la faragha, kisha kukatolewa hadharani. Kwa hiyo mwenye kuogelea mbele ya watu hubeba swali ambalo anayekimbia au anayecheza mpira halimkabili kwa uzito uleule: je, huku ni kuoga mbele ya watu?

Hapa pana jambo dogo la kisarufi. Tunapotaja kitu kwa matumizi yake, mara nyingi Kiswahili hutumia kauli ya kutendea: sabuni ya kuogea, kisu cha kukatia nyama, karatasi ya kuandikia. Katika 'nguo ya kuogelea' kauli hiyo tayari imo ndani ya kitenzi, imeganda. Hatusemi *nguo ya kuogelelea. Matokeo yake ni kwamba istilahi haielezi uhusiano kati ya nguo na tendo: je, ni nguo inayomsaidia mtu kuogelea, au ni nguo tu ambayo mtu huwa nayo anapoogelea? Msimamizi wa bwawa huielewa kwa maana ya kwanza, na mwenye dera huielewa kwa maana ya pili.

3.0 Nguo moja, vitenzi vingi

Tukitafuta nomino ya asili ya Kiswahili yenye maana ya vazi maalumu la majini hatuipati. Wako watakaoharakisha kusema kwamba hilo ni pengo la lugha. Si pengo. Nguo ya pwani, kabla ya nguo za kushonwa kuenea, ilikuwa kitambaa kisichokatwa, na maana yake ilibadilika kwa namna ya kukifunga. Ndiyo sababu shati au suruali huvaliwa, lakini shuka na kanga hufungwa, kanga hiyohiyo hutandwa kichwani na mabegani, na kibwebwe hufungwa kiunoni wakati wa kazi au ngoma. Mwanamume aliyetaka kuingia majini, kupanda mnazi au kufanya kazi nzito alipiga ubinda, yaani aliipitisha nguo yake katikati ya mapaja na kuichomeka. Hakuhitaji nguo ya pili. Tofauti ambayo lugha nyingine huiweka katika nomino, Kiswahili kiliiweka katika kitenzi.

Kwa wanawake hali ilikuwa nyingine, na hapa ndipo penye uzito wa mjadala wetu. Kazi nyingi za wanawake baharini zilifanywa, na bado hufanywa, maji yakipwa: kuokota chaza na kombe, kuchokoa pweza, kutanda dagaa kwa kitambaa au chandarua. (Kitenzi -tanda, tuone, hutumika kwa kanga ya kichwani na pia kwa uvuvi huu.) Bahari ya mwanamke ilikuwa bahari ya kutembea. Katika maji ya magotini au kiunoni, kanga iliyofungwa vizuri hutosha kabisa, kwani kazi yake ni sitara tu. Kilimo cha mwani cha biashara kilichoanza pwani ya mashariki ya Unguja mwaka 1989, katika vijiji kama Paje na Jambiani, kiliendeleza mtindo huo: wakulima walio wengi ni wanawake, nao hufuata maji ya bamvua wakiwa na nguo zao kamili.

Mambo yanabadilika pale maji yanapozidi kimo. Pamba ikilowa huwa nzito, na dera au kanga hujizungusha miguuni. Nguo iliyokuwa sitara inageuka kamba. Tena hili si jambo la kufikirika: kadiri maji ya kina kifupi yanavyozidi kupata joto, ile aina ya mwani yenye bei nzuri zaidi imekuwa ikifa, na wakulima wameelekezwa kuipanda kwenye kina kirefu, mahali ambapo asiyejua kuogelea hana usalama.

4.0 Bikini na vazi la ufukweni

Istilahi za kigeni zina historia yake. Louis Réard alizindua bikini mjini Paris tarehe 5 Julai 1946 na kuipa jina la kisiwa cha Pasifiki ambako Marekani ilikuwa imelipua bomu la nyuklia siku chache kabla. Jina la mahali halikuwa na viambishi vyovyote, lakini wasemaji wa lugha za Ulaya walilikata upya, wakaiona bi- kuwa ni 'mbili'. Ndipo mwaka 1964 ikaja monokini, na baadaye burkini, vazi la kufunika mwili lililobuniwa Australia na Aheda Zanetti mwaka 2004. Kwa masikio ya Mswahili, bi- ya bikini ingeweza kudhaniwa kuwa ndiyo ile ya Bi Fulani. Bahati njema hakuna aliyelikata hivyo.

Katika Tanzania neno lililopata nguvu magazetini ni 'vazi la ufukweni', hasa baada ya mashindano ya Miss Tanzania kurejeshwa mwaka 1994. Tulinganishe istilahi hizi mbili. 'Nguo ya kuogelea' hutaja tendo, na 'vazi la ufukweni' hutaja mahali. Ajabu ni kwamba mahali panapotajwa hapakuwapo: washiriki walipita jukwaani, ukumbini, bila tone la maji. Vazi lilikuwa la kutazamwa, wala haikuulizwa kama mvaaji anajua kuogelea. Mashindano ya Miss World yaliondoa kipengele hicho kuanzia mwaka 2015.

5.0 Nani anaingia majini?

Kuna, basi, kazi tatu zinazodaiwa kwa nguo moja: kusitiri, kuwezesha na kuonekana. Mivutano mingi hutokea pale kazi moja inapojificha nyuma ya nyingine. Kanuni za shirikisho la kimataifa la kuogelea zilizoanza kutumika tarehe 1 Januari 2010 ziliagiza kwamba vazi la mwanamke katika mashindano ya bwawani lisivuke magoti wala lisifunike shingo. Shabaha ilikuwa kuzuia mavazi yanayoongeza kasi, lakini matokeo ni kwamba hata mwenye kutaka sitara aliwekewa kikomo. Nchini Ufaransa, mwaka 2016, miji kadhaa ya pwani ilipiga marufuku burkini hadi mahakama ya juu ya utawala iliposimamisha marufuku mojawapo tarehe 26 Agosti. Huko hakuna aliyedai kuwa vazi hilo haliwezeshi kuogelea. Lilikatazwa kwa jinsi lilivyoonekana.

Nungwi, kaskazini mwa Unguja, inatupa mfano wa njia nyingine. Ni karibu na bahari hiyo ambamo meli ya MV Spice Islander I ilizama tarehe 10 Septemba 2011 na kuua mamia ya watu. Mradi wa Panje umewafundisha wasichana wa hapo kuogelea wakiwa na mavazi marefu yanayofunika mwili wote lakini yaliyoshonwa kwa ajili ya maji. Picha za mafunzo hayo zilizopigwa na Anna Boyiazis zilitunukiwa katika World Press Photo ya mwaka 2018. Wazazi hawakuambiwa wachague kati ya heshima ya binti na uhai wake. Nguo moja imepewa kazi mbili za kwanza, kusitiri na kuwezesha, na ile ya tatu imeachwa.

Mabwawa ya Mikocheni yangeweza kufanya vivyo hivyo bila gharama kubwa. Sababu wanazotoa wasimamizi kwa kukataa kanga na dera zina msingi: pamba hutoa nyuzi zinazoziba vichujio, rangi huchuja, na nguo pana humzuia mtu kuogelea. Zote hizo zinahusu kitambaa na mshono. Hakuna hata moja inayohusu urefu wa vazi. Tangazo lingeandikwa hivi: 'Ingia na nguo ya kitambaa cha kuogelea, inayobana mwili, fupi au ndefu.' Maneno mawili ya mwisho ndiyo yanayokosekana getini.